Apu haifunguki kwa waifai ya nyumbani lakini kwa data inafunguka: mwongozo kamili wa kulitafuta kosa

Malalamiko haya yanakuja kila siku na sura yake ni moja. Waifai imeshika, alama imejaa, YouTube inapiga kama kawaida, lakini apu moja tu, ya benki au ya kamera ya getini au gemu la mtoto, inazunguka weee afu inakwambia hakuna mtandao. Mtu akizima waifai akawasha data, inafunguka pale pale. Sasa hapo ndo watu wanapoanza kuharibu. Mmoja anaifuta apu, mwengine anachokoa kile kitundu cha nyuma ya rauta kwa pini, mwengine anairudisha simu ilivyotoka kiwandani na picha zote za harusi ya dada yake zimo humo humo. Jamani ngojeni kwanza.

Apu ikitaka kuzungumza na kwao inapita njia ndefu. Inatoka kwenye simu, inaruka hewani mpaka kwenye rauta, rauta inaipeleka kwa kampuni inayokuuzia mtandao, kampuni inaivusha baharini kutoka huku kwetu Zanzibar mpaka bara na nje ya nchi huko, ndo inafika kwenye seva, yani kompyuta kubwa, za wenyewe wenye apu. Kosa linaweza kukaa popote hapo, na dawa ya sehemu moja haisaidii kitu sehemu nyengine. Kwaiyo kazi ya kwanza ni kujua limekaa wapi, na hiyo haitaki fundi, inataka dakika kumi na simu ya pili ya kuazima.

Majaribio ya mwanzo, usiyaruke

Zima data kabisa ubaki na waifai tupu. Hili watu hawalifanyi na ndilo linalowapoteza, mana simu za siku hizi janja, zikiona waifai imelegea zinahamia kwenye data kimya kimya wala hazikuambii. iPhone wanaita Wi-Fi Assist, Samsung nao wana ya kwao. Unaweza ukadhani YouTube inapiga kwa waifai kumbe inakutafunia bando. Ukishazima data fungua vitu vitatu vinne tofauti, na usijaribu na ukurasa uliofungua jana, simu inaweza kukuonyesha ilichokihifadhi tu. Tafuta Google kitu ambacho hujawahi kukitafuta, andika hata bei ya pweza Mkokotoni, muhimu kiwe kipya.

Afu chukua simu ya mtu mwengine hapo nyumbani, waifai ile ile, apu ile ile. Inafunguka au haifunguki?

Afu jaribio ambalo mie nnaliona bora kuliko yote: mwambie mtu akuwashie hotspoti kwenye simu yake, simu yako iunge hapo, fungua apu. Kwa nini nasema bora? Ukizima waifai ukawasha data unakuwa umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, umebadilisha kampuni ya mtandao na umebadilisha njia ambayo simu inatumia. Hotspoti kwa simu yako ni waifai kama waifai nyengine. Kwaiyo apu ikigoma kwa hotspoti lakini kwa data yako inakubali, rauta haina kosa hata kidogo, kosa liko ndani ya simu, kuna kitu kimeikataza hiyo apu isitumie waifai. Na ikikubali kwa hotspoti ikagoma nyumbani, basi simu iachie, kosa ni rauta yako au kampuni yako. Usiapdeti vitu wala kuangalia video kwenye hotspoti ya mtu, utamla bando lake mkosane bure.

La mwisho, simama mita moja na rauta ujaribu tena. Ikifunguka hapo, ni mawimbi tu hayakufikii ulipokuwa umekaa.

Majibu yake yanasomeka hivi. Hakuna kinachofunguka kwa simu yoyote: bando, umeme au kampuni. Apu moja inagoma kwa simu zote za nyumbani na vyengine vyote vinafunguka: aina ya bando, DNS (ile inayotafuta majina ya mtandao, nitaieleza chini), au njia ya kampuni kwenda kwenye hiyo apu. Inagoma kwako tu na hapo nyumbani tu: kuna setingi ya hiyo waifai kwenye simu yako, au rauta imekufungia. Inagoma kwako kwenye waifai yoyote: simu. Inagoma kwa kila mtu kila pahala, mpaka kwa data na mpaka kwa shemeji yako aliyeko Chake: wenye apu wenyewe wameanguka, na hapo huna la kufanya ila kusubiri. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa saa sita hivi, na siku ile watu wangapi walizima na kuwasha rauta zao mpaka vidole vikawauma.

Bando na umeme

Rauta nyingi za majumbani huku kwetu ni zile za laini, za 4G au 5G, ndani yake mna laini kama ya simu. Bando likiisha waifai haizimiki ng'o. Alama inabaki imejaa, mana ile alama inakuonyesha simu na rauta zinavyosikilizana, haikuonyeshi kama rauta ina kitu cha kukupa. Kaangalie salio kwanza.

Na liko jambo jengine linalowachanganya watu sana, aina ya bando. Yapo mabando ya mitandao ya kijamii, umelinunua kwa bei nzuri, WhatsApp inapiga, Instagram inapiga, apu ya benki imekufa. Hapo hakuna kilichoharibika. Umenunua ulichokinunua. Ukiwa na rauta ya laini na mtoto ndo mwenye kazi ya kununua bando, muulize amenunua lipi kabla hujamwita fundi.

Wenye faiba angalieni taa za kile kisanduku. Taa iliyoandikwa PON ikiwa ya kijani na imetulia, waya uko sawa. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kabisa, waya umekatika au umekunjwa sana au umechomoka, na hapo hakuna setingi ya simu itakayokusaidia, pigia kampuni. Lakini kabla ya kupiga tizama pale waya mwembamba unapoingia, mara nyingi mtu amehamisha kabati akaubana.

Umeme ukikatika ukarudi, ipe rauta dakika tatu nne. Inawaka taa haraka lakini kujitambulisha kwa kampuni kunachukua muda, na simu ikiunga katikati ya hapo inashika waifai isiyo na mtandao na wakati mwengine inabaki hivyo hivyo mpaka uizime waifai uiwashe. ZECO wakikata na kurudisha mara tatu kwa jioni moja, rauta inaweza ikawa imeganda, imewaka lakini haifanyi kitu. Chomoa kwenye soketi, hesabu dakika nzima, chomeka. Dakika nzima nimesema, sio kuchomoa na kuchomeka kwa pupa. Pesa zikiruhusu nunua kile kibetri kidogo cha rauta cha volti 12, lakini kwanza soma maandishi ya chini ya rauta ujue yako inataka volti ngapi.

Na kile kitundu cha RESET usikiguse. Kuizima rauta kwa swichi na kubonyeza RESET ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Ukikibana sekunde kumi rauta inasahau kila kitu, na kwa faiba nyingi inasahau mpaka jina na paswedi iliyowekwa na kampuni ya kuingilia kwenye mtandao wao. Utabaki na waifai nzuri yenye jina la kiwandani isiyokwenda popote mpaka fundi aje, na ikiwa ni Ijumaa mchana basi hesabu mpaka Jumatatu.

Kuta zetu

Rauta zinatoa mawimbi ya aina mbili, 2.4 na 5, utaona wakati mwengine majina mawili ya waifai moja na moja limemalizia na 5G. Hiyo 5G ya waifai sio 5G ya laini, ni mawimbi tu. Yale ya 5 yana kasi lakini ukuta yanauogopa. Yale ya 2.4 ya polepole lakini yanapenya.

Sasa Mji Mkongwe nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mmoja nusu mita na wengine unazidi. Kuna nyumba Malindi bi mkubwa alilalamika apu ya video ya kuzungumzia na wanawe walioko Oman inakatika kila akikaa chumbani, ukumbini ni sawa. Rauta iko wapi? Wameiweka ndani ya kidaka, ndani kabisa, mbele yake limesimama dele la kahawa la shaba na nyuma yake ukuta wa mawe, na juu wameiwekea kitambaa cha kufuma isipate vumbi. Ilikuwa nzuri kuitizama, lakini mawimbi yalikuwa na pahala pamoja tu pa kutokea, ukumbini, na hapo napo yanagonga shaba. Ilipotolewa ikawekwa juu ya kabati karibu na mlango wa chumba, kwisha habari. Kitambaa pia kiliondoka, mana rauta ikipata joto inaanza wazimu wake.

Kwaiyo iweke juu, katikati ya nyumba, mbali na kioo kikubwa, friji na tangi la maji. Ikiwa chumba kiko mbali kweli, vile vidude vya kuchomeka ukutani vya kurudia mawimbi vinasaidia kidogo lakini vinapunguza kasi. Kuvuta waya mpaka chumba cha pili ukaweka rauta ndogo huko ni bora mara nyingi zaidi, japo kutoboa ukuta wa mawe ni shughuli na mwenye nyumba atataka kujua.

Maghorofa ya Michenzani shida yao nyengine. Huko ukuta sio tatizo kubwa, tatizo ni wingi wa watu, ukifungua orodha ya waifai unaona majina kama daftari la mahudhurio. Wote wako kwenye 2.4 wanapigiana kelele. Ingia kwenye rauta, andika kwenye brauza namba iliyo kwenye kibandiko chake cha chini, nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, zile za laini za Huawei huwa 192.168.8.1, utafute pa kubadilisha chaneli ya 2.4, jaribu 1, 6 au 11, hizo tatu ndo haziingiliani. Au hamia kwenye 5 kama simu yako inaipokea na uko chumba kimoja na rauta.

Saa na tarehe

Hii inachukua dakika moja na inatibu watu wengi. Apu ikiunga na seva inaangalia cheti cha seva, ndo kitambulisho chake, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, vingi siku hizi vinaishi siku 90 tu. Simu yako ikisema tuko mwaka jana, au mtoto ameisogeza mbele ili gemu limpe zawadi ya kesho, apu inaona cheti ni cha uongo na inakataa. Inachokwambia wewe ni "hakuna mtandao" tu, haikwambii kwamba saa yako mbovu. Dalili yake ni kuwa brauza nayo inatoa onyo la usalama kwenye kila ukurasa. Nenda kwenye tarehe na saa, weka ijipange yenyewe, na eneo la saa liwe la Afrika Mashariki, GMT+3. Wale mnaoweka saa kwa mkono kwa ajili ya apu ya adhana, irekebisheni apu ya adhana yenyewe, saa ya simu iacheni.

DNS, hapa tukae kidogo

Apu haijui seva iko wapi, inajua jina tu. Ni kama mgeni aliyetua Forodhani anataka nyumba ya Bi fulani, lazima amuulize mtu barazani, na yule wa barazani akiwa hajui au amelala, mgeni hafiki japo njia zote ziko wazi. Huyo wa barazani ndo DNS. Kwa kawaida rauta yako inaulizia kwa kampuni yako. DNS ikilala, namba zinafika lakini majina hayafiki.

Kumjua amelala: fungua brauza uandike 1.1.1.1 hivyo hivyo kwa namba. Ukurasa ukifunguka na majina ya kawaida hayafunguki, DNS ndo mgonjwa. Lakini DNS inaweza pia kuugua nusu, ikayajua majina makubwa yote isilijue la apu yako, ndo ile unaona kila kitu kinapiga isipokuwa kimoja.

Kwenye Android kuanzia toleo la 9 kuna pahala pameandikwa Private DNS, iko kwenye mambo ya mtandao. Pazuri lakini panaleta mikasa. Kuna binti wa Fuoni apu yake ya kuuzia nguo ilikuwa haipandishi bidhaa nyumbani, dukani kwa waifai ya jirani nako haipandishi, kwa data wakati mwengine inakubali. Kufungua Private DNS pameandikwa jina refu la kuzuia matangazo, mdogo wake wa kiume alimuwekea ili gemu lisimletee matangazo. Zile DNS za kuzuia matangazo zinayakataa majina mengi kwa ujumla, na apu za biashara nyingi zinaita majina yale yale ya matangazo na takwimu ili zifanye kazi, zikinyimwa zinaganda. Kuzima tu, picha za madira zikapanda zote. Afu kuna rauta na kampuni zinazokataa hiyo njia ya Private DNS moja kwa moja, utaona simu inasema seva ya Private DNS haifikiki, na hapo ndo unapata ile nyumbani haifanyi kwa data inafanya. Iweke Off ujaribu. Ikifunguka na unataka DNS nzuri, andika hapo dns.google.

iPhone unaingia kwenye waifai, unagusa kile kialama cha i pembeni ya jina, chini kabisa kuna Configure DNS, weka Manual, andika 8.8.8.8 na 8.8.4.4 za Google, au 1.1.1.1 na 1.0.0.1 za Cloudflare. Ikiwa nyumba nzima inasumbuka badilisha kwenye rauta, usibadilishe simu moja moja. Hapo hapo kwenye setingi za waifai tizama na Proxy, yani seva ya kati ya kupitishia mtandao, iwe imezimwa. Wako vijana wanaoandika proxy za bure za kupatia mtandao wa dezo, wakisahau kuitoa waifai ile inakufa kwa apu nusu na inaishi kwa nusu.

VPN

VPN ni apu inayoupitisha mtandao wako kwenye seva ya mtu mwengine. Tizama juu ya simu kama kuna kijifunguo au herufi VPN. Watu wanaiwasha kwa shughuli moja wanasahau. Apu za benki nyingi zinakataa kabisa ukiwa na VPN, na zile za bure zinajaa watu mpaka zinakwama. Kuna na apu za kusafisha simu na za kuzuia matangazo zinazojifanya VPN kichinichini, zitoe hizo. Kumbuka pia kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN wazitolee taarifa, kwaiyo hilo nalo lijue kabla hujaifanya dawa ya kila ugonjwa.

Na sio kila kisichofunguka ni ubovu. Mei 2025 X, ile ya zamani Twitter, ilifungwa hapa Tanzania, na watu walihangaika na rauta siku kadhaa. Ikiwa apu moja maarufu imegoma kwa kampuni zote za simu siku moja, uliza watu kwanza.

Simu yenyewe

Ikiwa kwa hotspoti pia ilikataa na kwa data ilikubali, tafuta humu. Simu nyingi za Xiaomi, Tecno na Infinix zina pahala pa kuiruhusu kila apu waifai na data mbalimbali, huwa ndani ya apu ya usalama au ya kusimamia simu, na alama ya waifai mbele ya jina la apu imetolewa. Nani kaitoa? Mara nyingi ile apu ya kusafisha simu, au mtoto. Irudishe. Tizama na hali ya kubana betri, inazikata apu zisizokuwa mbele ya macho, ndo ujumbe unakuja wote kwa pamoja ukifungua.

iPhone kuanzia iOS 14 apu ikitaka kuona vifaa vya ndani ya nyumba, kamera, TV, printa, inakuomba ruhusa ya Local Network. Ukibonyeza hapana siku ya kwanza, haikuombi tena, inashindwa tu. Ingia kwenye setingi za hiyo apu uiwashe.

Apu iwe mpya na simu isiwe imejaa. WhatsApp sasa inataka Android 5.0 kwenda juu na iPhone ya iOS 15.1 kwenda juu. Android zilizo chini ya 7.1.1 zina shida nyengine, haziutambui mzizi wa vyeti vya Let's Encrypt, watoaji vyeti vya bure, ambavyo seva nyingi sana zinavitumia, lakini hiyo itagoma hata kwa data kwaiyo utaijua.

Ukitaka kusafisha, safisha cache, vile vitu vya muda tu. Kinachofuata chini yake, Clear data au Clear storage, kinafuta kila kitu cha apu hiyo, akaunti, mazungumzo yasiyohifadhiwa, vyote. Na apu za pesa usizifute ovyo, mana kuingia upya nyengine zinataka kuithibitisha laini yako kwa data ya laini hiyo hiyo au kwa meseji, na ikiwa laini imo kwenye simu nyengine utakwama. Hili lenyewe linaeleza kitu: apu ya pesa ya simu inayogoma siku ya kwanza kwa waifai na kukubali kwa data si lazima iwe mbovu, washa data uingie mara moja afu rudi kwenye waifai.

Simu na rauta hazielewani

Inagoma kwako tu na nyumbani tu? Ingia kwenye waifai, Forget, afu unga upya na paswedi. Hii inafuta setingi zote za zamani za waifai hiyo, IP (anwani ya simu kwenye waifai) iliyowekwa kwa mkono, proxy, na takataka nyengine. Tizama IP uliyopewa, ikianza na 169.254 rauta haikukupa kitu, umejipa mwenyewe. Sababu yake mara nyingi ni rauta kujaa. Vile vidude vya mfukoni vya kugawia waifai vina ukomo wa vifaa, vingi vinaanzia kumi, na siku ya Idi ndugu wametoka Pemba na kila mmoja na simu mbili, wa kumi na moja hapati. Zima waifai kwenye simu zilizolala, anzisha rauta upya.

Kama rauta ina orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, jua kwamba Android 10 kwenda juu na iOS 14 kwenda juu zinajibadilisha namba ya kifaa kwa ajili ya faragha, na ukifanya Forget inaweza kuja na namba mpya rauta isiitambue. Kwenye waifai ya nyumbani chagua namba halisi ya simu. Na kaangalie kama rauta ina udhibiti wa watoto, mana baba akiweka TikTok isifunguke baada ya Isha, apu itakuwa inakufa kila siku saa ile ile. Kosa linalokuja kwa saa maalumu karibu siku zote limepangwa na mtu.

Kamera za getini na balbu za kuwashia kwa simu nyingi zinakubali 2.4 tu. Wakati wa kuziunganisha iweke simu kwenye 2.4 pia, na usiziweke kwenye waifai ya wageni, ile imefanywa makusudi vifaa visionane.

Ujumbe unaenda, picha haziendi

Hii ina dalili yake peke yake. Apu inafunguka, maneno yanaenda, picha inafika asilimia kadhaa inasimama, au ukurasa wa kuingilia benki unabaki mweupe. Ukisimama karibu na rauta hali ile ile. Hapo shuku ukubwa wa vifurushi vya data, MTU. Kwenye mitandao mingi ukomo ni 1500, lakini faiba zinazoingia kwa jina na paswedi, wanaita PPPoE, ni 1492, na rauta ikiwa imewekwa 1500 vifurushi vikubwa vinapotea njiani na vidogo vinapita. Kwenye rauta, sehemu ya WAN, ya upande wa kampuni, weka 1492, ikikataa teremka mpaka 1400 ujaribu. Andika pembeni namba ya mwanzo kabla ya kubadilisha.

Ukipiga simu kwa kampuni

Mara nyengine kosa ni lao, au la bahari. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikayumba, na siku zile wengi waliona YouTube inapiga na apu nyengine zimekufa, kwa sababu kampuni kubwa zinaweka nakala za vitu vyao karibu na sisi, wadogo seva zao ziko Ulaya.

Usiwaambie "kaka waifai mbovu" mana watakwambia zima washa na simu itakatwa. Waambie hivi: apu fulani inagoma kwa waifai yangu tangu saa fulani, nimejaribu simu tatu zote zinagoma, kwa hotspoti ya kampuni nyengine zote zinakubali, rauta nimeichomoa dakika nzima, DNS nimebadilisha na hali ile ile, bando lipo, taa ya PON ya kijani. Wa mapokezi hapo hana karatasi ya kukusomea, atakupeleka kwa fundi. Omba namba ya malalamiko, iandike na jina la aliyekupokea na saa. Zikipita siku hawajakujibu, hiyo namba ndo utakayokwenda nayo kwa TCRA, mana TCRA watakuuliza kwanza kama uliwalalamikia wenyewe.